Kocha wa Durham na dhahabu ya Gusii: Kazi ya LeRoy Walker ina funzo gani kwa Kisii na Nyamira?

KILA Michezo ya Olimpiki inapokaribia, wakazi wa Kisii na Nyamira huanza kuyataja majina yale yale: Nyandika Maiyoro, Naftali Temu, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Yobes Ondieki. Ni orodha ya kujivunia, na wilaya nyingi za Afrika hazina mfano wake. Hata hivyo, anayeichunguza kwa makini hakosi kugundua kwamba karibu majina yote hayo yalipata sifa kabla ya karne hii kuanza.

Kuna jina jingine ambalo aghalabu halitajwi katika mazungumzo hayo, ilhali lina sehemu yake katika dhahabu ya mwaka 1972. Ni la LeRoy Walker, Mmarekani mweusi aliyeanza kazi akiwa kocha wa kandanda ya Kimarekani vyuoni na akapanda ngazi hadi kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Makala haya yanashikilia kwamba maisha ya kazi ya mtu huyo yanaeleza kilichokosekana Gusii vizuri zaidi kuliko malalamiko tunayoyasikia kila mwaka kuhusu uhaba wa fedha.

Tuanze na dhahabu yenyewe. Mnamo Septemba 10, 1972, mjini Munich, Kenya ilishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kwa muda wa dakika 2 na sekunde 59.83. Asati alianza, Nyamau akafuata, Ouko akapokea kijiti cha tatu na Julius Sang akamaliza. Watatu wa kwanza walikuwa Abagusii; Sang alitoka Bonde la Ufa. Wenyeji Wajerumani Magharibi walikuwa mbele hadi mzunguko wa mwisho, kisha wakaishiwa nguvu na kumaliza wa nne, nyuma ya Uingereza na Ufaransa.

Wapo wanaoipunguzia thamani medali hiyo kwa kuwa Marekani haikushiriki. Ni kweli haikushiriki. Vincent Matthews na Wayne Collett walikuwa wamefukuzwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa sababu ya jinsi walivyosimama jukwaani walipokabidhiwa medali zao za mita 400, naye John Smith alikuwa ameumia. Lakini Wakenya hawakuokota dhahabu hiyo njiani. Miaka minne awali, mjini Mexico, Nyamau na Asati, pamoja na Daniel Rudisha na Naftali Bon, walikuwa wametwaa fedha nyuma ya Wamarekani kwa muda wa dakika 2 na sekunde 59.64. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Nyamau, Sang, Ouko na Asati walishinda mbio hizo hizo. Kikosi hicho kilikuwa kimekomaa kabla ya kufika Munich.

Ouko alizaliwa Manga mwaka 1948, sehemu ambayo leo imo katika Kaunti ya Nyamira. (Msomaji asimchanganye na Dkt Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990, ni majina tu yaliyofanana.) Kule Edinburgh alishinda pia mita 800, naye Asati akashinda mita 400. Katika kipindi hicho Ouko na Sang walikuwa wakisomea Durham, jimbo la North Carolina, katika chuo kikuu cha North Carolina Central, ambako kocha wao alikuwa Walker. Kwa hivyo, kati ya wanaume wanne waliosimama kileleni mwa jukwaa la Munich, wawili walikuwa wanafunzi wa kocha mmoja wa chuo kidogo cha watu weusi Kusini mwa Marekani. Mwanafunzi wake mwingine, Larry Black, alipata fedha ya mita 200 na dhahabu ya mita 100 mara nne katika michezo hiyo hiyo, akivalia jezi ya Marekani.

Mtu huyu alikuwa nani?

Walker alizaliwa Atlanta mnamo Juni 14, 1918, kitinda mimba katika familia ya watoto 13, mjukuu wa watumwa. Baba yake alipofariki, alilelewa na kaka yake huko Harlem, New York. Alisomea chuo cha Benedict, South Carolina, ambako alisifika kwa kuiongoza timu katika kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao licha ya jina lake hutegemea mikono zaidi ya miguu. Alihitimu mwaka 1940, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1941, kisha akarejea Benedict kufundisha kandanda, mpira wa vikapu na riadha. Baadaye alifundisha katika vyuo vya Bishop na Prairie View huko Texas. Mnamo 1945 aliajiriwa Durham kufundisha kandanda na mpira wa vikapu.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi. Durham haikumwajiri ili ajenge timu ya riadha. Aliianzisha mwenyewe, hasa kwa nia ya kuwapa mazoezi wachezaji wake wa michezo mingine, wasije wakalegea msimu ukiisha. Aliyekuwa na kasi uwanjani alipelekwa kwenye njia ya mbio. Aliyeshindwa na mpira akapata kazi nyingine. Kwa lugha nyepesi, riadha ya Durham ilizaliwa kama mtoto wa pembeni wa kandanda, kisha ikamzidi mzazi wake.

Mazingira yalikuwa magumu. Hiyo ilikuwa enzi ya ubaguzi wa rangi wa kisheria, na chuo hicho, ambacho hadi 1947 jina lake rasmi lilitamka wazi kuwa ni cha Weusi, hakikuwa na mali. Katika mji huo huo kulikuwa na Chuo Kikuu cha Duke, tajiri na chenye viwanja vya kifahari, ambacho hakikuwapokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza hadi 1963. Walker alijipatia shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1957, akiuchunguza mwendo wa mwili wa binadamu kisayansi, na akayapeleka maarifa hayo uwanjani. Mwanafunzi wake Lee Calhoun alishinda dhahabu ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1956, akairudia mwaka 1960. Mwingine, Edwin Roberts wa Trinidad na Tobago, alirejea kutoka Tokyo mwaka 1964 na shaba mbili. Kwa hesabu inayotajwa nchini mwake, wanafunzi wake 12 walifika Olimpiki.

Roberts ni mfano muhimu, kwa maana unaonyesha kwamba mlango uliofunguliwa kwa Ouko na Sang ulikuwa umezoea wageni. Walker alikuwa mtu wa nje pia: anatajwa miongoni mwa makocha waliosaidia timu za Olimpiki za Ethiopia, Israel, Trinidad na Tobago, Jamaica na Kenya. Julai 1971, yeye na Al Buehler, kocha wa Duke, waliandaa mjini Durham mashindano kati ya Afrika na Marekani. Wapenzi wa riadha wanayakumbuka zaidi kwa kosa la Muethiopia Miruts Yifter, aliyehesabu vibaya mizunguko ya mita 5,000, akaponyoka kwa kasi na kusimama mzunguko mmoja kabla ya mwisho, huku Steve Prefontaine akiendelea hadi ushindi. Cha kuzingatiwa hapa ni kwamba chuo kisicho na mali kiliwezesha bara zima kualikwa katika mji ambao miaka michache awali ulikuwa na milango ya weupe na milango ya weusi.

Baada ya hapo ngazi ilikuwa ya kupanda tu. Mwaka 1976 Walker aliteuliwa kocha mkuu wa timu ya riadha ya wanaume ya Marekani kwa Olimpiki ya Montreal, Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa jukumu hilo. Alikuwa mkuu wa chuo chake kuanzia 1983 hadi 1986, rais wa shirikisho la riadha la Marekani kati ya 1984 na 1988, mweka hazina wa Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo kwa miaka minne iliyofuata, na hatimaye rais wake kuanzia 1992 hadi 1996. Ili kuushika wadhifa huo wa mwisho, ambao haukuwa na mshahara, aliacha kazi yenye ujira mnono katika kamati iliyokuwa ikiandaa michezo ya Atlanta, mji alikozaliwa. Alifariki Durham mnamo Aprili 23, 2012, akiwa na umri wa miaka 93.

Hesabu moja katika orodha hiyo ya vyeo inatushughulisha hapa: kutoka 1945 hadi 1986 ni miaka 41. Katika muda huo wote Walker alibaki katika chuo kile kile. Vyeo vya kitaifa vilimfuata huko. Hakukihama chuo ili kuvitafuta. Kocha mpya hakulazimika kuanza upya kila miaka miwili, na mwanafunzi aliyekuja kutoka Manga au Port of Spain alimkuta mtu aliyekwisha kukosea na kujirekebisha kwa wanafunzi waliomtangulia.

Tulinganishe sasa na Gusii, ambako historia ya mbio ni ya kale kuliko ya sehemu nyingi za Kenya. Nyandika Maiyoro alishika nafasi ya nne katika maili tatu kwenye michezo ya Vancouver mwaka 1954, akawa wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na wa sita mjini Roma mwaka 1960. Mwaka 1958 Arere Anentia alipata shaba ya maili sita kule Cardiff. Kisha akaja Naftali Temu, mwanajeshi, aliyemshinda Ron Clarke wa Australia kwenye maili sita kule Kingston mwaka 1966, na mnamo Oktoba 13, 1968, akaipatia Kenya dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, katika mita 10,000. Kipchoge Keino alipopata yake ya mita 1,500 siku chache baadaye, Kenya ilikuwa tayari na bingwa, na bingwa huyo alitoka Gusii.

Nani alikuwa mlezi wa mabingwa hao? Enzi ya ukoloni, ilikuwa serikali na maafisa wake wa michezo. Baada ya uhuru, ikawa jeshi, polisi na magereza. Kwa wachache kama Ouko, na baadaye Yobes Ondieki aliyesomea Chuo Kikuu cha Iowa State, ikawa vyuo vya Marekani. Ondieki alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 1991, na Julai 1993 mjini Oslo akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Katika mlolongo huo wote haionekani taasisi hata moja iliyo Kisii au Nyamira yenyewe. Kipaji kilichipuka Gusii. Utunzaji ulifanyika Nairobi au ng'ambo.

Hata walipostaafu, majukumu waliyopewa mabingwa hao hayakuliziba pengo. Maiyoro aliwahi kuusimamia uwanja wa michezo wa mjini Kisii. Aliyeijua mbio kuliko wengi nchini alikabidhiwa funguo, hakukabidhiwa wanafunzi na bajeti ya kuwalea. Ouko alifika mbali zaidi katika uongozi, akawa katibu mkuu wa chama cha riadha nchini, KAAA. Ofisi hiyo ilikuwa Nairobi na kazi yake ilikuwa ya taifa zima. Kwa maneno mengine, Ouko alipanda ngazi ya uongozi kama Walker, ila hakuwa na chuo nyuma yake cha kupokea alichojifunza Durham. Temu alifariki Machi 2003. Maiyoro na Ouko wote walifariki mwaka 2019, mmoja Februari na mwingine Agosti.

Siasa za dunia nazo ziliongeza chumvi kwenye kidonda. Mwaka ule Walker alipoiongoza Marekani huko Montreal, Kenya iliondoka pamoja na mataifa mengine ya Afrika kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Mwaka 1980 ikasusia tena, safari hii pamoja na Marekani, dhidi ya Moscow. Dhahabu ya Munich haikupata nafasi ya kutetewa, na kizazi kizima kilizeeka bila Olimpiki. Hadi leo Kenya haijaishinda tena mbio hiyo ya vijiti.

Kuna watakaopinga kwamba vyuo vya Marekani viliwanyonya Wakenya kwa kuwakimbiza kila wikendi msimu mzima, hata wengine wakaisha nguvu kabla ya wakati wao. Hoja hiyo ina uzito, na mwandishi huyu haitetei biashara ya kuuza vipaji kwa karo. Lakini hoja hiyo inazidi kutusukuma tuulizane kwa nini malezi hayo hayakuwezekana nyumbani.

Wengine watasema kwamba Bonde la Ufa lilifanikiwa bila chuo kikuu cha aina ya Durham. Wakiangalia vizuri, wataona kwamba lilikuwa na kitu kinachofanana nacho sana. Mwaka 1976, mtawa wa Ireland aitwaye Colm O'Connell aliwasili Iten kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa kocha. Alibaki hapo miongo kwa miongo, akajifunza ukocha kazini, na shule hiyo ikamtoa Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988. Baadaye alimlea David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012.

Tusimame kidogo kwa Rudisha huyo. Baba yake ni yule Daniel Rudisha aliyepokezana kijiti na Nyamau na Asati mwaka 1968. Kwao ni Kilgoris, upande wa pili wa mpaka wa Kisii. Watu wa huko huja Kisii mjini kununua bidhaa na kutafuta matibabu. Kijana huyo alipohitaji mahali pa kukuzwa kipaji, jirani hakukuwa na kitu cha kumpa. Ilimbidi aende Iten, mwendo wa siku nzima. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kile ambacho Gusii ilipoteza baada ya 1972.

Leo vifaa si kisingizio kama zamani. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013. Uwanja wa Gusii ulifanyiwa ukarabati ili kuandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa Dei mnamo Oktoba 2020. Shabana, klabu ambayo mashabiki wake huifuata popote, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kukaa nje kwa miaka 17. Wapenzi wa riadha huiona kandanda kama hasimu anayewanyang'anya fedha na mashabiki. Walker aliliona jambo hilo kwa jicho jingine: alipewa timu ya kandanda, naye akaitumia kupata wakimbiaji. Klabu yenye vijana wengi wanaojaribiwa kila msimu na kuachwa ni hazina ya wakimbiaji wa mita 400 na 800 ambao hakuna anayewapima muda.

Tatizo kubwa liko katika mgawanyo wa madaraka. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake, huku vyuo vikuu vikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Matokeo yake, mwenye uwanja hana wanafunzi, na mwenye wanafunzi hana uwanja. Gavana hujenga jukwaa kwa kuwa jukwaa huonekana kabla ya uchaguzi. Chuo huajiri mhadhiri kwa kuwa ndiye anayehitajika darasani. Kocha huangukia katikati. Akipatikana, hufanya kazi kwa kujitolea au kwa kandarasi fupi, na akipata nafasi nzuri kwingineko huondoka na daftari lake la muda wa wanariadha.

Hakuna sheria inayozikataza kaunti za Kisii na Nyamira kutia saini makubaliano na chuo kikuu ili kumwajiri kocha mmoja kwa pamoja, kwa kandarasi inayovuka muhula wa gavana, na kumpa usimamizi wa uwanja wa Gusii na ule wa Manga kwa saa zinazojulikana. Mshahara wa mtu huyo kwa miaka kumi ni sehemu ndogo ya gharama ya jukwaa moja la saruji. Mipango ya Maendeleo ya Kaunti ya 2023 hadi 2027 inakaribia kufika ukingoni, na kabla ya mingine kuidhinishwa sheria inataka wananchi washirikishwe katika vikao vya wadi. Wakazi wa Manga watakaohudhuria wataonyeshwa, kama kawaida, michoro ya barabara, masoko na viwanja. Waulize ni ukurasa upi unaomtaja kocha.